Mfano wa Meli

Watoto wa Bel-Air, Lubumbashi iko mbali na Ziwa Tanganyika. Lakini mwaweza kujichongea meli ya ziwa hilo, ndiyo Liemba. Ilijengwa Ujerumani, ikaletwa vipande vipande, ikashushwa majini Kigoma mwaka 1915. Urefu wake ni mita 71, upana mita 10. Gawanyeni vipimo vyote kwa 200: mtapata sentimeta 35 na nusu, na sentimeta 5. Mkipunguza urefu peke yake, mtachonga chombo kingine, si Liemba.

Mkimaliza, iwekeni katika beseni la maji. Ikilala ubavu, msikate tamaa. Pigilieni kipande cha chuma chini yake, katikati. Uzito ukiwa chini, meli husimama wima.

Swali: Mkigawanya kwa 100, urefu utakuwa sentimeta ngapi?