Kompyuta ya stoo imezeeka? Usihamishe diski tu ukadhani umehama

Leo siongelei kupiga picha za bidhaa wala kuongeza wafuasi. Naongelea ile kompyuta iliyo chini ya meza, ambayo hakuna mtu anaigusa, lakini stoki, bei za jumla na madeni ya wateja yote yamo humo. Kama biashara yako bado iko kwenye simu na daftari, soma tu, iko siku utafika huku.

Mimi nauza vitenge na madera mtandaoni, jumla na rejareja. Stoo iko Kariakoo, mizigo inaondoka na mabasi ya mikoani. Tangu 2013 nilikuwa na seva. Jina kubwa, lakini ni kompyuta ya kawaida ya mezani iliyowekewa Windows Server 2008 R2 na programu ya stoki. Vijana wangu wawili wa oda walikuwa wanasoma stoki kutoka humo. Mteja wa Mwanza akiuliza madera ya bluu yamebaki mangapi, kijana anaangalia, anajibu, hela inaingia.

Wiki tatu kabla ya Idd ikaanza kutoa sauti, tak tak tak, kama mtu anagonga kucha mezani. Hiyo ni diski inakuaga. Na bakapu yangu ya mwisho ilikuwa ya miezi minne nyuma. Yaani miezi minne ya madeni ya wateja wa jumla hayakuwa popote pengine duniani. Usinicheke, nenda kaangalie yako ni ya lini.

Fundi wa kwanza akaniambia, "Dada, hii kazi ndogo. Nunua mashine, natoa diski huku naingiza kule, dakika kumi." Nikanunua mashine used, Core i5 kizazi cha 8. Akaingiza diski. Mashine ikasema haioni kitu cha kuwasha. Akaingia kwenye mipangilio akaruhusu uwashaji wa kizamani. Nembo ya Windows ikatokea, moyo ukatulia, halafu kioo kikawa bluu na maandishi 0x0000007B, ikajizima. Mara tatu, hivyo hivyo. Na kila tukiiwasha, diski inagonga zaidi.

Ile namba ina maana yake. Windows imeanza kuwaka, halafu katikati ya safari imeshindwa kuiona diski yake yenyewe. Kumbe mwanzoni kabisa ni bodi ya kompyuta ndiyo inayoisomea diski. Baadaye Windows inapokea kazi na kutumia draiva zake. Yangu ilisanidiwa kwenye bodi iliyokuwa inaongea na diski kwa mtindo wa zamani, IDE. Bodi mpya inatumia AHCI. Windows ilikuwa haijaandaliwa kuanza na draiva hiyo, basi ikasimama. Diski haikuwa na kosa pale, na mashine haikuwa mbovu.

Na usiseme basi tungeisanidi upya kutoka kwenye CD. Mfumo huu ulitoka 2009. CD yake haina draiva za USB 3.0, kwa hiyo kwenye mashine nyingi za sasa unafika kwenye ukurasa wa kwanza halafu mausi na kibodi havifanyi kazi. Zile SSD mpya za NVMe nazo haizioni mpaka uongezewe kiraka. Na ukifanikiwa kote huko, umejisanidia mfumo ambao Microsoft iliacha kuutolea marekebisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020. Mnakumbuka WannaCry ya Mei 2017, iliyofunga mafaili ya watu na kudai malipo, mpaka hospitali za Uingereza zikaahirisha huduma? Ilipita kwenye tundu ambalo kiraka chake kilikuwa kimeshatoka Machi mwaka huo huo. Mfumo usiopata viraka hauna hata nafasi hiyo.

Fundi wa pili, kijana mpole sana, jambo la kwanza alilofanya ni kurudisha diski kwenye mashine yake ya zamani. Akasema, "Dada, tusiiwashe tena bila sababu. Ikiwaka safari hii tunachukua vitu kwa mpangilio." Ikawaka. Nilikaa pembeni nimeshika kichwa.

Alianza na kitu kidogo chenye thamani kubwa, yaani hifadhidata. Programu yangu inatunza kila kitu kwenye SQL Server Express, na humo unaweza kuagiza bakapu, unapata faili moja lenye mwisho wa .bak. Akalinakili kwenye flashi mbili tofauti, nikaweka moja kwenye pochi yangu. Baada ya hapo ndipo akachukua picha ya diski nzima kwa Disk2vhd, programu ya bure ya Microsoft yenyewe. Inanakili diski yote kuwa faili moja kubwa huku mashine ikiendelea kuwaka. Ilikesha usiku mzima ikiandika kwenye diski ya nje. Huo mpangilio ushike. Ukianza na picha ya diski nzima halafu diski ikafa saa nane usiku, umekosa vyote.

Picha ile tukaifungua kwenye mashine mpya kama mashine pepe, yaani kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Windows 11 Pro ina kifaa cha kazi hiyo kinaitwa Hyper-V, ila toleo la Home halina, kwa hiyo uliza kabla hujalipa. Unapoitengeneza inakuuliza Generation 1 au 2. Kwa mfumo wa 2008 R2 chagua 1. Hiyo inaigiza bodi ya zamani yenye IDE, ndiyo maana kioo cha bluu hakikurudi. Nikaiona programu yangu ya stoki imefunguka, madeni yote yamo, nikatoka nje kununua maji.

Nilitaka niishie hapo. Kijana akanionyesha stika ya leseni kwenye kasha la zamani: OEM. Leseni ya aina hiyo imefungwa kwenye mashine iliyokuja nayo, huwezi kuihamisha. Na Windows ikiona vifaa vimebadilika, inakudai uhakiki leseni upya ndani ya siku chache. Kwa hiyo mashine pepe ikawa ya muda tu, imekatwa mtandao, ya kutazamia namba za zamani.

Makazi ya kudumu yakawa Windows 11 yenyewe. Tukaweka SQL Server Express mpya, ni ya bure na wakati huo ilikuwa inabeba hifadhidata hadi GB 10. Lile faili la .bak likaingia bila ugomvi. Toleo jipya linapokea bakapu za zamani, ila ukishaingia hurudi nyuma. Programu ya stoki ilihitaji .NET 3.5, tukaiwasha kwenye vipengele vya Windows. Installer yake tuliikuta kwenye folda moja ya mashine ya zamani. Bila bahati hiyo sijui ningemwambia nini mwenye programu, maana hapokei simu.

Halafu tukapoteza nusu siku kwa kitu cha kijinga. Mashine za vijana hazikuiona seva. Kumbe Express inakuja ikiwa imefungiwa TCP/IP, mpaka uifungue mwenyewe, kisha uiruhusu kwenye firewall. Tukaipa mashine mpya anwani ile ile ya mtandao ya zamani ili tusiguse mashine za vijana. Ukifanya hivyo, ya zamani iwe imezimwa, zisigombanie anwani.

Kabla ya kuuza hata dera moja, nilikaa na wateja ishirini wa jumla, jina kwa jina, nikilinganisha deni kwenye mashine pepe na kwenye mpya. Hela zilikubaliana. Tarehe hazikukubaliana! Deni la kulipwa tarehe 3 Aprili lilionekana la Machi 4, kwa sababu Windows mpya ilikuwa kwenye mpangilio wa Marekani, mwezi unatangulia siku. Tulibadilisha mkoa, zikakaa sawa. Ningeanza kuandika ankara mpya bila kuangalia, nusu yake zingeingia na tarehe za ovyo, na mteja wa Mbeya angepigiwa simu ya deni mwezi mzima kabla.

Diski ya zamani nimeifunga kwenye nailoni, nimeiandika tarehe, sijaifomati. Express haina ratiba ya bakapu ndani yake, kwa hiyo kijana aliniwekea Task Scheduler ya Windows, inatengeneza .bak kila siku saa 4 usiku. Jumamosi flashi inaenda nami nyumbani.