Ushuhuda wa mgonjwa mwenzako si cheti cha daktari

Katika nyumba nyingi hivi sasa mtu akiambiwa hospitali kuwa ana sukari au presha, kabla hajamaliza dawa za wiki ya kwanza huwa ameshaingia kwenye intaneti kutafuta wenzake wenye maradhi hayo. Anawatafuta kwa simu ile ile anayoagizia viatu vya watoto na kununulia friji iliyotumika. Anayemuuzia friji hamjui, na anayemsimulia habari za sukari hamjui pia. Watu wengi huwapima wageni hawa wawili kwa mizani moja, na hapo ndipo wanapoumia.

Tuanze na biashara. Mwaka 1995 huko California, Marekani, bwana mmoja aitwaye Pierre Omidyar alifungua tovuti ya mnada ambayo baadaye iliitwa eBay. Miongoni mwa vitu vya mwanzo kuuzwa ni kitochi cha miale ya leza kilichoharibika, nacho kikapata mnunuzi kwa dola 14.83. Omidyar alimwandikia mnunuzi kumuuliza kama ameelewa kuwa ni kibovu. Akajibiwa kuwa ameelewa, yeye hukusanya vibovu. Biashara ilipita kwa sababu ila ya bidhaa ilisemwa wazi, jambo ambalo sisi tumefundishwa katika mlango wa kuuziana tangu madrasa. Baadaye tovuti hiyo ikaweka utaratibu wa muuzaji na mnunuzi kupeana alama na maoni, ili mgeni asiyejulikana ajenge jina.

Alama zile zina maana kwa sababu mnunuzi anaona alichopata. Friji isipogandisha, utajua siku hiyo hiyo na utamsema muuzaji.

Dawa haiko hivyo. Maradhi mengi hupanda na kushuka yenyewe. Maumivu ya mgongo, pumu, vidonda vya tumbo, yote yana siku nzuri na siku mbaya, na mtu hutafuta dawa mpya siku ile mbaya kabisa. Siku tatu baadaye hali inatulia, ambapo pengine ingetulia tu, na sifa zote zinakwenda kwa unga alioagiza. Anaandika kwa nia njema kabisa kuwa amepona. Tena aliyepata nafuu ndiye anayerudi kusimulia. Aliyezidiwa hanyanyui simu, na aliyekufa haandiki. Kwa hiyo unaposoma shuhuda 50 za kupona, hujui ni wangapi walitumia dawa ile.

Yupo mfano mmoja ambao ni vizuri kuujua. Mwaka 1998 kijana wa Kimarekani aitwaye Stephen Heywood, mwenye umri wa miaka 29, aligunduliwa kuwa na ALS, ugonjwa unaoua mishipa ya fahamu inayoendesha misuli. Mgonjwa hupoteza nguvu za mikono na miguu, kisha kumeza, mwisho kupumua. Ndugu zake wawili pamoja na rafiki yao walianzisha mwaka 2004 tovuti iitwayo PatientsLikeMe, ambako wagonjwa waliweza kuandika dawa wanazotumia, kipimo chake, na hali zao zinavyokwenda, ili wengine waone. Stephen alifariki mwaka 2006, lakini kazi ikaendelea.

Mwaka 2008 watafiti wa Italia walitangaza kuwa dawa ya lithiamu, inayotumika kwa baadhi ya maradhi ya akili, imepunguza kasi ya ALS. Waliopewa walikuwa wagonjwa 16 tu. Habari ikaenea upesi miongoni mwa wagonjwa, wengi wakaanza kuitumia kwa kupitia madaktari wao. Na ni nani wa kuwalaumu? Mtu anayeona mikono yake inakufa hasubiri miaka. Lakini hawa walifanya jambo ambalo wengi hatufanyi: waliandika kila kitu, kizuri na kibaya. Mwaka 2011 zikachapishwa hesabu zao. Watumiaji 149 walilinganishwa na wagonjwa 447 waliofanana nao ambao hawakuitumia. Baada ya mwaka mzima, lithiamu haikuonekana kupunguza kasi ya ugonjwa. Majaribio ya hospitali nayo hayakuona faida. Wakati huo huo lithiamu si dawa ya kuchezea. Ikizidi kidogo mwilini ni sumu, na anayeitumia hupimwa damu na figo mara kwa mara.

Angalia basi. Shuhuda zile zilikuwa za kweli, hakuna aliyedanganya, na dawa haikusaidia. Ukweli ulipatikana pale tu walipohesabiwa wote, pamoja na walioendelea kudhoofika.

Kwetu sisi hatari hii huja sana karibu na Ramadhani. Mgonjwa wa sukari anasoma maneno ya mgeni: "Mimi nafunga, napunguza insulini nusu, sijapata tatizo." Naye anapunguza nusu. Hajui mwenzake ana umri gani, figo zake zikoje, anakula nini daku. Utafiti uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13, kwa wagonjwa wa sukari Waislamu zaidi ya 12,000, ulionesha kuwa kushuka kwa sukari kiasi cha kulazwa hospitali kuliongezeka katika Ramadhani karibu mara 5 kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza, na zaidi ya mara 7 kwa wa aina ya pili. Kipimo chako kinapangwa na daktari wako, nawe umwone wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama. Ukiwa umefunga, sukari ikishuka chini ya 3.9 (au 70 kwa mashine za kipimo kingine) fungua hapo hapo, usingoje magharibi. Maulamaa wengi wanasema kutoboa kidole kupima hakufunguzi.

Pamoja na hayo, si haki kuwaambia wagonjwa waachane na wenzao. Yapo mambo ambayo daktari hana muda nayo, au hayajampata. Mtu aliyepasuliwa utumbo akawekewa mfuko wa haja tumboni, nani atamfundisha kama si aliyeuvaa? Mwenzake atamweleza kuwa tundu la mfuko likatwe kwa kadiri ya kidonda ili uchafu usichome ngozi, kuwa ngozi ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na ikaushwe vizuri kabla ya kubandika mfuko mwingine, na kuwa mfuko umwagwe ukifika theluthi, usiachwe ujae. Habari ya udhu wake atamuuliza shehe. Hali kadhalika mama mwenye fistula anayevuja mkojo, ambaye ameacha kutoka nyumbani kwa aibu, akimsikia mwanamke mwingine akisema alifanyiwa upasuaji akakauka, huenda ndiyo siku atakayokwenda hospitali. Maneno kama haya yana faida kubwa na hayamdhuru mtu.

Kuhusu siri, kuwa mwangalifu. Mwaka 2010 kampuni moja ya utafiti wa masoko ilikutwa ikinakili maandishi ya wagonjwa kwenye tovuti hiyo hiyo ya PatientsLikeMe, mahali watu walipoelezana habari za maradhi ya akili wakidhani wako faragha. Usiweke jina lako, sura, wala picha ya cheti. Ya mkeo au mtoto wako ndiyo kabisa, kwani hayo ni yao.

Hatari kubwa zaidi ni pale soko na ushuhuda vinapokutana: anayekusimulia alivyopona ndiye huyo huyo anayeuza chupa. Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kuwa dawa zinazouzwa na tovuti zinazoficha anuani yake, zaidi ya nusu ni bandia. Kwa macho huwezi kuitambua. Kidonge bandia kinaweza kuwa na rangi na maandishi yale yale, ndani yake chokaa, au dawa nyingine kabisa. Muulize muuzaji duka lake liko wapi na dawa imesajiliwa kwa namba gani, kisha ulizia TMDA kwa Tanzania Bara, ZFDA kwa Zanzibar, au Bodi ya Dawa na Sumu kwa walioko Kenya. Muuzaji asiyetaka kutaja duka wala namba, usimtumie pesa. Na kama dawa umeshainywa na mwili umebadilika, nenda hospitali na ile chupa mkononi.