Utangulizi: Kombe Ndani ya Shimo

Mtu wa Keringet, kwenye miinuko ya Mau, akichimbiwa kisima haoni kombe. Kinachopanda juu ni unga wa jivu la volkano lililoshikamana na vipande vya mwamba, kwa kuwa Mau imejengwa na milipuko, haikujengwa na bahari. Kwa nini basi mwanafunzi wa huko ajifunze habari za moluska wa bahari wa kale, yaani kombe, chaza, tondo na jamaa zao waliozikwa katika mashapo? Kwa sababu swali ni lile lile: hapa palikuwa na maji gani?

Konokono wa ziwani na tondo wa mikokoni hawakai maji mamoja. Teremka kutoka Keringet hadi Elmenteita. Zaidi ya miaka 9,000 iliyopita, maziwa ya Nakuru na Elmenteita yalikuwa ziwa moja lenye maji yasiyo na chumvi. Konokono walioachwa na ziwa la namna hiyo wanatueleza habari za mvua. Bahari hawaijui.

Ubora wa kombe au konokono kama shahidi ni kwamba akishakua haendi mbali. Nyangumi huenda. Mwaka 1964, huko Loperot, Turkana, yalipatikana mabaki ya nyangumi wa miaka milioni 17 hivi, mamia ya kilomita kutoka pwani ya leo. Mwenye haraka angesema bahari ilifika Turkana. La: mashapo yale ni ya mto, na mnyama alipanda nao akapotea. Mimi, kati ya nyangumi mmoja na kombe kumi waliokufa wakiwa wamejizika matopeni, nitawasikiliza kombe.

Kuwatafuta moluska wa baharini inabidi twende pwani. Visima vya kutafuta mafuta vilivyochimbwa katika bonde la Lamu miaka ya 1960, kama Walu na Dodori, vilipita katika mashapo ya bahari. Lakini darasa ninalolipenda liko kusini zaidi, Kilwa na Lindi, ambako kuanzia 2002 watafiti wa Tanzania na wenzao wa nje walichimba mashimo mengi kwa ajili ya sayansi tu. Karibu na Stakishari walitoa udongo wa mfinyanzi uliohifadhi mpaka kati ya enzi mbili za kijiolojia, wa miaka milioni 34 hivi iliyopita, wakati Antaktika ilipoanza kufunikwa na barafu nyingi.

Sifa ya uhifadhi huo ni ya udongo wenyewe. Magamba mengi ya moluska yametengenezwa kwa aragonaiti, madini yanayoyeyuka upesi. Katika mawe ya matumbawe ya Mombasa mara nyingi gamba limeshayeyuka, limebaki umbo lake tu. Udongo wa mfinyanzi wa Kilwa hauruhusu maji kupenya. Loweka kipande kisichozidi ngumi usiku kucha, kisha kimwage kwenye chekeche laini chini ya maji yanayotiririka taratibu. Matope yakiisha, hutokea ukabaki kwenye waya na kipande cha gamba chenye mng'ao wa lulu, kana kwamba kililetwa na wimbi la jana.

Hapa nitoe onyo ambalo vitabu hulitaja harakaharaka. Mashimo ya Kilwa yalitoa kiini, yaani mche mzima wa udongo unaolala sandukuni kwa mpangilio wake. Visima vingi havitoi kiini. Keekee husaga mwamba, na vipande hupandishwa kwa hewa au matope ya kuchimbia. Njiani ukuta wa shimo humomonyoka: gamba la mita 200 linaanguka, linachanganyika na vipande vya mita 900, nawe unamwandikia mnyama umri usio wake. Ndiyo maana, tukishuka shimoni, tunaamini pale anapoonekana mara ya kwanza. Pale anapoonekana mara ya mwisho hatupaamini, maana huenda ameanguka tu.

Kosa hilo halichagui kisima, hata kama hakina kombe hata mmoja. Basi mashine ikifika kwa jirani yako Keringet, omba kiganja cha vipande kila baada ya mita tatu. Kitie kwenye mfuko, uandike kina kwa kalamu isiyofutika, kabla fundi hajavimwaga shambani.