Kabla ya kununua mashine ya kukatia, ulizeni nyembe zake

Mvua ikizidi, mlango wa mbao unavimba na kukataa kufungika. Hapa Goma, penye nyumba nyingi za mbao, tunalijua hilo. Kuna mashine ndogo ya mkono inayosaidia: wembe wake hauzunguki, unatikisika tu kulia na kushoto, kidogo sana, mara 10.000 hadi 20.000 kwa dakika. Ndiyo maana unaingia kwenye kona ambako msumeno haufiki, kama kwenye fremu ya mlango. Ukifunga karatasi ya msasa, inasugua pia.

Kikundi kikitaka kuinunua, msianze na bei ya mashine. Ulizeni nyembe. Zinaisha upesi, na wembe wa mbao tupu ukigusa msumari, meno yamekwisha. Mbao zetu za zamani zimejaa misumari! Chukueni wembe unaokata mbao na chuma pamoja. Tena si kila wembe unashika kwenye kila mashine. Jaribuni pale pale dukani. Muuzaji asipokuwa na nyembe za kuongeza, iacheni hata kama bei ni nzuri.

Ya waya ni nafuu kuliko ya batri, lakini umeme wetu mnaujua. Ya batri inafaa kama mmoja wenu ana pa kuichaji. Iwe na kibonye cha kupunguza mwendo, maana chuma kinakatwa polepole.

Vumbi la rangi ya zamani linaweza kuwa na madini ya risasi. Vaeni miwani na barakoa. Mtoto mgongoni, hapana.