Je, Wajua? Gitaa la stili, spika na hedifoni

Je, wajua kwamba jina "stili" halitokani na mwili wa gitaa? Stili ni kile kipande cha chuma ambacho mpigaji hukitelezesha juu ya nyuzi. Gitaa lenyewe hulazwa mapajani, au husimama kwa miguu yake kama meza ya kupigia pasi. Mtindo huo ulitoka Hawaii mwishoni mwa karne ya 19, na Joseph Kekuku ndiye anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi.

Wajua gitaa la kwanza la umeme kupata soko lilikuwa la namna hiyo? Rickenbacker walianza kuliuza mwaka 1932, na watu wakalibatiza Frying Pan, yaani kikaango. Ukiiona picha yake hutauliza kwa nini.

Na wajua kwamba Kongo waliuiga mtindo huo wa Hawaii mapema? Zacharie Elenga, maarufu kama Jhimmy, aliwika Léopoldville mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa upigaji wa Kihawaii. Dr. Nico Kasanda, tunayemsifu kwa solo, naye alilipiga gitaa la Hawaii kwenye baadhi ya rekodi zake.

Huku kwetu Songwe huhitaji kwenda mbali kuona ndugu wa stili. Vuka mto uingie Malawi, uulizie babatoni: gitaa refu kama nguzo, uzi mmoja tu. Gasper Nali wa Nkhata Bay huugonga uzi huo kwa kijiti huku akitelezesha chupa tupu ya bia.

Sasa tuje kwenye kero ya wengi. Je, wajua kwa nini stili inayolia vizuri kwenye amplifaya hugeuka nyuki ndani ya kopo ukichomeka hedifoni moja kwa moja? Wengi hulaumu hedifoni. Si kosa lake. Spika ya gitaa, ile ya inchi 12 au 15, haitoi kila kitu inacholetewa: ikishapita hezi 5,000 hivi, sauti yake huporomoka. Yaani spika ni chekecheke. Hedifoni haina chekecheke, inakupa unga na pumba zake. Mimi niligundua hili usiku mmoja hapa Tunduma, nilipochomeka stili kwenye miksa ndogo ili nisiwaamshe majirani. Kila chuma kilipopita juu ya zile nyuzi nene zilizosokotwa, nilisikia mkwaruzo kama ukucha juu ya bati. Mchana, kwenye amplifaya, mkwaruzo uleule ulikuwepo, ila spika ilikuwa inaumeza.

Dawa? Kisanduku au programu ya simu inayoiga spika. Kama huna, shusha sauti nyembamba kwenye miksa, kisha ongeza mwangwi kidogo. Mwangwi si pambo. Ukipiga kwenye amplifaya, sikio la kulia husikia spika iliyo upande wa kushoto pia, kwa kuchelewa chini ya milisekunde moja, na kuta nazo hurudisha sauti. Hedifoni inakata yote hayo, ndiyo maana gitaa linakuwa kama limekaa katikati ya fuvu lako.

Wajua tundu la maiki kwenye miksa si tundu la gitaa? Pikapu ya kawaida ya gitaa, yaani kile kinasa sauti chini ya nyuzi (si ile ya kubebea mahindi), inataka ukinzani wa karibu omu milioni moja mbele yake. Tundu la maiki lina omu elfu chache tu, kwa hiyo sauti inafifia na ule mng'aro unakufa. Makanisani naliona hili kila mara: mpigaji anaambiwa gitaa lake bovu, kumbe inakosekana DI boksi, kisanduku cha katikati cha kulinganisha ukinzani.

Je, wajua hedifoni za bluetooth kwa kawaida hazifai kupigia? Nyingi huchelewesha sauti kwa milisekunde 100 hadi 200. Chukua 150: ni sawa na kupiga ukiwa golini huku spika yako imewekwa katikati ya uwanja wa mpira. Tumia waya.

Wajua amplifaya ya wati 100 haizidi ya wati 50 kwa sauti maradufu? Tofauti yake ni desibeli 3, na sikio huona nyongeza ndogo tu. Ukitaka sauti isikike kubwa mara mbili, unahitaji wati mara kumi hivi. Muuza mitumba hatakuambia. Wala hatakuambia kama amplifaya iliyotoka Marekani imeandikwa volti 120 mgongoni. Igeuze uisome kabla ya kuichomeka kwenye umeme wetu wa 230, maana bila trafo ya kushusha utanusa moshi kabla ya kusikia noti.

Usiku, malori ya foleni ya kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, yakinguruma nje, utashawishika kuongeza besi. Ngurumo ile inazifunika nyuzi nene. Isitoshe, watafiti Fletcher na Munson walionyesha tangu 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, besi ndiyo ya kwanza kutoroka sikioni. Kwa hiyo mipangilio ya hedifoni usiku usiipeleke jukwaani Jumapili. Besi itawafukuza watu wa viti vya mbele.

Shirika la Afya Duniani linahesabu desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kiwango salama kwa mtu mzima. Ndani ya hedifoni ni rahisi kukivuka bila kujua, maana hakuna jirani wa kugonga ukuta.

Na wajua Leo Fender, yule wa magitaa ya Fender, alianzia wapi? Mwaka 1945, na mwenzake Doc Kauffman, alianza kutengeneza stili za mapajani pamoja na amplifaya zake, vikiuzwa kama chungu na mfuniko wake. Yeye mwenyewe hakujua kupiga gitaa.