Nyuki wakihamia darini mwako, usikimbilie mafuta taa

WAHENGA walisema fuata nyuki ule asali. Mjini, mpenzi msomaji, mara nyingi mambo huwa kinyume: nyuki ndio wanaotufuata sisi. Huenda ukaamka asubuhi ukute bumba jeusi limening'inia kwenye mti karibu na lango lako, au usikie mvumo darini juu ya kitanda cha watoto. Wengi wetu hukimbilia mafuta taa na kiberiti. Kufanya hivyo ni kuhatarisha maisha yako, ya jirani na ya bawabu wako, mbali na hatari ya kuteketeza nyumba.

Nyuki wetu wa Afrika Mashariki si wa kufanyiwa mzaha. Wakichokozwa hutoka kwa wingi na kumwandama mtu mbali. Nyuki wa asili ya Afrika walipelekwa Brazil mwaka wa 1956, baadhi wakatoroka, na uzao wao ukaenea hadi kufika Marekani mwaka wa 1990.

Mpita njia au mpangaji?

Kwanza jiulize: nyuki hawa ni wapita njia au wameshahamia? Mzinga ukijaa, malkia huondoka na sehemu kubwa ya nyuki kutafuta makao mapya. Hutua mahali kwa saa chache au siku kadhaa huku wapelelezi wao wakitafuta pango. Wakati huo hawana asali wala watoto wa kulinda, kwa hivyo huwa wapole kiasi. Waondoe watoto na mifugo iliyofungwa, kisha waache. Mara nyingi watakwenda zao.

Wakiingia darini au ukutani na kujenga masega, hao wamekuwa wapangaji, na watailinda nyumba yao. Hapo usiwapulizie dawa ya wadudu. Asali yenye sumu haifai kuliwa, na nyuki wengine wakija kuiiba watakufa pia. Isitoshe, masega yaliyoachwa huoza na kuvuta wadudu.

Mtaalamu hufanya nini?

Ulizia ofisi ya mifugo ya kaunti yako, kwani ufugaji nyuki uko chini ya idara hiyo, au mfugaji mwenye uzoefu. Yeye huvaa vazi la kujikinga, hupuliza moshi wa kuwatuliza nyuki, kisha hukata masega yenye watoto na kuyafunga kwa uzi kwenye fito za mzinga. Malkia akishaingia mzingani, wengine humfuata. Husubiri usiku, nyuki wote wakiwa wamerudi, ndipo auzibe mlango na kuwasafirisha. Wapelekwe kilomita tano au zaidi, la sivyo wengi watarejea pale walipozoea.

Jambo hili si kazi bure. Maboga, matikitimaji, maparachichi na alizeti tunayonunua sokoni hutegemea sana wadudu kama nyuki kuchavusha maua yake.

Ukishambuliwa

Kimbia moja kwa moja ukiwa umefunika uso, uingie ndani ya nyumba au gari na kufunga mlango. Usiwapige nyuki, kwani anayepondwa au kudunga hutoa harufu inayowaita wenzake. Usijitose majini pia. Watakungoja utoe kichwa.

Ukishakuwa mahali salama, toa miba upesi. Mwiba wa nyuki hubaki mwilini na kifuko chake cha sumu, nacho huendelea kusukuma sumu. Usipoteze wakati ukitafuta njia maalumu. Kwangua kwa ukucha au ung'oe kwa vidole, muhimu ni haraka. Osha kwa sabuni, weka kitu baridi, na uvue pete kabla kidole hakijavimba.

Maumivu na uvimbe kidogo si ajabu. Hata hivyo, kimbiza mgonjwa hospitalini mara moja ikiwa anapumua kwa shida, midomo au ulimi unavimba, ametokwa na vipele mwili mzima, anatapika au anazirai. Mwenye mzio anaweza kufa kwa dakika chache kutokana na nyuki mmoja tu. Huhitaji sindano ya adrenalini bila kuchelewa. Anayezirai alazwe chali, miguu ikiinuliwa. Anayehema aachwe akae. Aliyedungwa mara nyingi, hasa mtoto au mzee, aonwe na daktari hata kama anajihisi mzima, kwani sumu nyingi huweza kudhuru figo baadaye.

Mwisho, kinga ni bora kuliko tiba. Nyuki wakishahamishwa, toa masega yote, safisha pale palipobaki harufu ya nta, kisha ziba mianya ya paa na kuta. Weka wavu mwembamba kwenye matundu ya hewa. Usipofanya hivyo, bumba jingine litanusa makao ya zamani na kuhamia humo humo.