Fahamu: Drudge Report, ukurasa wa viungo uliotikisa Washington

Januari 17, 1998, Matt Drudge, mwenye ukurasa huo, alitangaza mtandaoni kwamba jarida la Newsweek lilikuwa limeizuia habari ya uhusiano wa Rais wa Marekani Bill Clinton na msichana aliyekuwa mafunzoni Ikulu. Siku chache baadaye magazeti makubwa yakaidaka. Desemba, Baraza la Wawakilishi likapiga kura ya kumshtaki Clinton kutokana na sakata hilo.

Drudge hakuwa na chumba cha habari. Aliwahi kuuza dukani kwenye studio za CBS, Los Angeles. Ukurasa wake ni safu tatu za vichwa vya habari, karibu kila kimoja kikikupeleka kwenye chombo kingine. Habari nzito hukaa juu kabisa, mara nyingine ikiwa na picha ya king'ora.

Nguvu yake iko katika kuchagua: anayeamua kipi kikae juu anaamua pia watu wabishane nini. Mbinu hiyo ilienea: Andrew Breitbart, aliyefanya kazi na Drudge, alijifunza hapo, akasaidia kuanzisha Huffington Post mwaka 2005, kisha akajenga tovuti yake ya mrengo wa kulia.

Kinachonitia wasiwasi ni vichwa vyenyewe. Drudge huviandika upya, vikali kuliko vya mwandishi aliyehangaika na habari, na wengi husoma hivyo tu bila kubofya.